Bruda Teofani na Saa Sita ya Kwaresima

Imepokewa kutoka kwa wazee wa Lyangweni, nao waliipokea kwa waliowatangulia, kwamba zamani palikuwa na nyumba ya watawa juu ya mlima ule, iliyowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Mauro. Watawa wake hawakuwa wengi, mapadre kidogo na mabruda kidogo, na mkuu wao alikuwa Padre Odilo Ndunguru, Priori, mtu mpole na wa maneno machache. Miongoni mwao alikuwamo Bruda Teofani Hyera. Wako wanaomtaja kwa jina la Teofilo, hao wanakosea. Bruda Teofilo alikuwa seremala, na alikwisha kufariki kabla ya habari hii. Huyu alikuwa Teofani, na kazi yake ilikuwa kengele.

Kazi hiyo haikuwa ndogo. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyeamka, aliyesali, aliyelima, aliyekula wala aliyelala ila kwa kengele. Kanuni yao ilifundisha kwamba kengele ni sauti ya Mungu imwitayo mja wake, na kwamba anayeisikia huacha kilicho mkononi, hata kama ni jembe lililokwisha kuinuliwa. Na kengele yenyewe iliifuata saa kubwa ya ukutani, iliyokuwa ushorobani, karibu na mlango wa kanisa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa saa hiyo isipokuwa Bruda Teofani, wala hakuna aliyeruhusiwa kubishana nayo.

Bruda Teofani alikuwa mwaminifu, msafi wa moyo na mwepesi wa kusamehe. Alikuwa na udhaifu mmoja aliokuwa akiujua vema, nao ni tumbo. Siku za kawaida udhaifu huo haukumdhuru mtu. Lakini Kwaresima ilipofika, watawa hawakutia kitu kinywani tangu alfajiri ila maji, mpaka baada ya sala ya saa sita mchana. Na jiko la Bruda Pakomi Kapinga lilikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule uliobeba saa.

Mwaka huo, siku ya Jumatano ya Majivu, harufu ya maharage yaliyotiwa kitunguu ilitoka jikoni, ikapita chini ya mlango, ikamkuta Bruda Teofani amesimama mbele ya saa. Akaitazama saa, nayo ikamtazama. Akajiambia kwamba saa hii ni ya zamani, na vitu vya zamani huchelewa. Akafungua kioo, akausukuma mshale mrefu mbele kidogo, kiasi cha Salamu Maria chache, akaenda kupiga kengele.

Alipokwisha kushiba, dhamiri yake iliamka. Akaona kwamba amekichukua kipande cha asubuhi, na kilichochukuliwa hurudishwa. Basi wenzake walipolala mapumziko ya mchana, alirudi ushorobani akakishika kile chuma kinachoning'inia na kuyumba ndani ya saa, akakizuia kisiyumbe, kama mtu aliyemshika mbuzi mguu, mpaka deni likaisha. Ili asikae bure, alisali rozari kwa ajili ya wakosefu, akijiweka yeye wa kwanza.

Kesho yake akafanya vile vile, na kesho kutwa akazidisha. Hivyo asubuhi za Lyangweni zikawa fupi, mapumziko ya mchana yakawa marefu, na ilipofika sala ya jioni mambo yote yalikuwa yamerudi mahali pake.

Kila siku Bruda Teofani aliingoja lawama. Haikuja. Hapo udadisi ukamwingia, akaanza kuwachunguza wenzake. Alimwona Padre Priori akipita mbele ya saa, akiitazama, akilitazama jua dirishani, akishusha pumzi, kisha akienda kunawa mikono. Bruda Teofani akaenda jikoni kupeleleza.

"Pakomi, ndugu yangu, maharage ya jana yalinipigia kelele mdomoni."

"Ni ya mwaka jana hayo," akajibu Bruda Pakomi bila kuinua macho. "Ya mwaka jana hayaivi upesi."

"Na yale ya kabla ya Majivu, yaliyokuwa laini?"

"Nayo ni ya mwaka jana."

"Sasa mbona yale yaliiva?"

Bruda Pakomi akakoroga chungu. "Nenda zako, Bruda," akasema. "Usije ukachelewa kupiga kengele."

Bruda Teofani akatoka na udadisi wake, haukupungua hata chembe.

Sasa, katika nyumba hiyo alikuwamo novisi mmoja, mtawa aliye bado katika majaribio, jina lake la ubatizo Fokasi Mbunda, na la utawani Kanuti. Hakuwa kijana. Alikuwa mgane mwenye mvi, aliyewaoza binti zake wote, akagawa shamba lake, akaja kubisha hodi monasterini akisema anataka kumalizia siku zake katika kumsifu Mungu. Alikuwa mzito wa mwendo na mwepesi wa kucheka. Walimpa kazi ya kutunza kitalu cha miche ya kahawa, nyuma ya kilima, mahali ambapo kengele haisikiki isipokuwa upepo ukipenda. Mtawa anayefanya kazi huko ilimpasa aanze safari mwenyewe kabla ya kengele, ili aikute sala haijaanza.

Na desturi ya nyumba ilikuwa hii: anayeingia kanisani sala ikiwa imekwisha kuanza hupiga magoti katikati, mbele ya wote, hata mkuu atakapompa ishara ya kuinuka. Kisha chakula chake hula peke yake mlangoni, baada ya wenzake, akila yaliyobaki.

Tangu Kwaresima ilipoanza, Bruda Kanuti alichelewa kila siku.

Mwanzoni watawa walitabasamu. Baadaye Padre Anselmi Nchimbi, mlezi wa manovisi, aliacha kutabasamu. Alikuwa mtu wa ibada na wa haki, ila haki yake haikuwa na kiti cha kupumzikia. Mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, watawa wote wenye nadhiri za daima wangekutana kuamua kama Bruda Kanuti ataruhusiwa kuweka nadhiri au atarudishwa kwao. Padre Anselmi hakuficha shauri lake.

"Mtu asiyeweza kuitii kengele," alisema, "hataweza kuitii nadhiri. Afadhali aondoke sasa kwa heshima."

Bruda Teofani naye aliyasikia maneno hayo. Mchana ule, badala ya kwenda moja kwa moja kuizuia saa, alipitia penye bomba la maji. Akamkuta Bruda Kanuti amepandisha kanzu, anajimwagia maji magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Kanuti."

"Milele Amina, Bruda. Niwie radhi kwa kunikuta hivi. Magoti haya nadhani yalizaliwa kabla yangu." Akacheka, kisha akawa mtulivu. "Lakini afadhali umekuja. Wewe ni jirani wa saa, nikuulize neno. Jua la huku mlimani ni lile lile la kwetu bondeni?"

"Ni lile lile."

"Ndivyo nilivyodhani. Maana siku ya kwanza Padre Mlezi mwenyewe alinipeleka kitaluni, akasimika jembe, akaweka jiwe chini, akaniambia, 'Kanuti, kivuli cha mpini kikigusa jiwe hili, ondoka. Kabla ya hapo ni uvivu, baada ya hapo ni ukaidi.' Nami kikigusa tu, huyo. Miezi yote nilikuwa nafika, nanawa, napumua, ndipo mnaanza. Tangu Majivu, nafika mmekwisha anza. Nikajaribu kukimbia. Mtu mwenye wajukuu, Bruda, nakimbia nimekunja kanzu mkononi, na wachunga mbuzi wananishangilia!"

Bruda Teofani hakuweza kujizuia, akacheka. Kicheko kikamuuma.

"Basi ninaona ni mimi," akaendelea Bruda Kanuti. "Nadhani Mungu ananionyesha kwamba moyo wangu aliuita, lakini miguu hakuiita. Nikirudishwa sitanung'unika. Ila kurudi wapi? Shamba nimekwisha ligawa, na nyumba ya mkwe si nyumba."

"Usiseme hivyo, ndugu yangu."

"Sisemi kwa uchungu. Na Mungu ananifariji hata hapo mlangoni. Hayo mabaki yenu, Bruda, yanakuwa yameiva! Laini, matamu, sijui Bruda Pakomi anayafanyaje. Nikajiuliza, kama mabaki yako hivi, vya mezani vikoje?"

Bruda Teofani, ambaye kipande cha haragwe gumu kilikuwa kimemkwama jinoni tangu alipotoka mezani, akakisukuma kwa ulimi, akaaga.

Siku ile akaazimia kutoigusa saa tena. Kesho yake alisimama mbele yake, mikono ameifunga nyuma. Saa ikatembea mwendo wake wa halali. Ukafika wakati ule ambao kwa siku zile za Kwaresima alizoea kuufanya kuwa saa sita, naye akakaa imara.

Mara Bruda Pakomi akatokea, anajifuta mikono. Akasimama ushorobani. Baada yake akaja Padre Gereoni Mapunda, mkongwe wa nyumba, akijikongoja na mkongojo. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, wote wamekwisha nawa. Hakuna aliyeitwa, na wote walifika. Padre Anselmi alikuja akisoma kitabu chake cha sala, ingawa kurasa hazikugeuka. Mwisho akaja Padre Priori, akakohoa.

"Bruda Teofani," akanong'ona Bruda Pakomi, "saa imelala?"

"Haijalala. Inakwenda."

"Inakwenda wapi, polepole hivi?"

"Mimi sisemi kitu," akasema Padre Gereoni. "Lakini mzee wa umri wangu akisimamishwa sana huanguka. Nikianguka, mniombee."

Bruda Teofani akamtazama Padre Priori. Padre Priori alikuwa akiitazama dari kwa makini sana, kama aliyeona nyufa mpya. Bruda Teofani akafungua kioo, akanyoosha kidole mbele ya jumuiya nzima, akausukuma mshale. Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wamegeuza macho, kama watu walio katika tafakuri.

Akapiga kengele. Sala ikaanza, ikafika katikati, na Bruda Kanuti akaingia mbio, anahema, kanzu imejaa vumbi mpaka kiunoni. Akapiga magoti mahali pake pa kila siku. Padre Anselmi akatikisa kichwa taratibu.

Tangu hapo Bruda Teofani hakupata raha. Siku zilizobakia aliusogeza mshale kama mtu anayetembea usingizini, na rozari zake za mchana zikamkauka mdomoni. Alijua sasa kwamba wenzake wanajua. Lakini hakujua kama kila mmoja anajua kwamba na mwenzake anajua, wala kama yuko mmoja wao aliyeunganisha mshale wa saa na magoti ya Kanuti. Alijiambia kwamba siku ya kuamua atatoa kura ya kumkubali, na hivyo atakuwa ametimiza wajibu wake. Kisha akajijibu kwamba kura moja ni punje moja, na neno la Padre Anselmi ni gunia. Na akikiri, kengele atanyang'anywa. Alikuwa ameishika kamba ile tangu ujana wake. Hakuijua kazi nyingine, wala hakutamani nyingine.

Mkesha wa Mtakatifu Yosefu ukafika. Mara baada ya mapumziko ya mchana watawa wakaketi katika chumba cha mashauri, wakubwa mbele. Bruda Kanuti aliambiwa angoje kanisani. Padre Priori akasimama akauliza swali ambalo kwa desturi liliulizwa kila shauri linapofunguliwa, na ambalo kwa kawaida hakuna aliyelijibu ila aliyevunja kikombe:

"Yuko mwenye neno juu ya nafsi yake, kabla hatujatoa neno juu ya mwenzetu?"

Padre Anselmi alikuwa amekwisha kukohoa ili aanze. Bruda Teofani akajiona anainuka, hajui miguu imepata wapi amri, akaenda katikati ya chumba akajilaza kifudifudi kama ilivyo desturi ya mwenye kutubu.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti yake ilitokea sakafuni, "Kanuti hakuchelewa. Hakuchelewa hata siku moja. Ni mimi. Tangu Jumatano ya Majivu naisogeza saa mbele kwa sababu ya tumbo langu, na mchana naizuia mpaka iwe sawa. Kengele niliyowapigia haikuwa ya Mungu. Ilikuwa ya maharage. Kamba ichukueni, mpeni mwingine. Lakini msimwondoe mtu asiye na kosa."

Akangoja ngurumo. Haikuja. Akangoja tena, na udadisi ule wa siku nyingi ukamshinda hata pale sakafuni, akainua jicho moja.

Padre Priori alikuwa ametia mkono mfukoni mwa kanzu. Akatoa saa ndogo ya mkononi iliyokatika mkanda, akaiweka mezani mbele ya wote.

"Hii huichukua ninaposafiri kwenda kwa Askofu," akasema polepole. "Hukaa mfukoni, na haijapata kunidanganya. Siku ya pili ya Kwaresima niliitazama, nikajua. Nilisema moyoni, Teofani amekosea, kesho nitamwonya kwa upole. Kesho yake nilikuwa na njaa. Nikasema, nitamwonya kesho kutwa."

"Mimi nilianza kuinjika chungu mapema zaidi," akasema Bruda Pakomi, akijitazama mikono. "Lakini kila nilipowahi, yeye aliwahi zaidi. Ningeweza kumwuliza. Sikumwuliza, maana na mpishi hufunga."

"Nami macho yameharibika," akasema Padre Gereoni, "lakini tumbo langu lasoma saa bila miwani. Nilijua. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake katika sala zangu, Mungu anisamehe."

Wakakiri wote, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alijua kwa jua, mwingine kwa kuku, mwingine kwa kazi iliyobaki shambani. Aliyebaki alikuwa Padre Anselmi. Alinena ameshika magoti yake.

"Lile jiwe," akasema. "Jiwe la kitaluni niliweka mimi. Nilimwambia aondoke kivuli kikiligusa, wala si kabla. Alikingoja kila siku. Ningemwuliza neno moja tu, ningeyajua yote, na nadhani ndiyo sababu sikumwuliza. Nilikuwa namwadhibu kwa kunitii."

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kura. Padre Priori akamwinua Bruda Teofani kwa mkono wake mwenyewe.

"Kamba ni yako," akamwambia.

"Padre, mimi sistahili."

"Hustahili. Nikimtafuta anayestahili, kesho hapatapigwa kengele Lyangweni. Tangu leo iache saa katika haki yake." Kisha akawageukia wote. "Kanuni yetu inamwadhibu mtawa anayechelewa. Nimekumbuka kila neno lake, sioni mahali inaposema nyumba nzima ikiwahi ifanyweje. Basi tutafanya tunalolijua. Twendeni."

Wakaingia kanisani kwa safu. Bruda Kanuti alikuwa amekaa pembeni, rozari mkononi, uso wake ni wa mtu aliyekwisha kufunga mzigo. Padre Priori akaenda mbele yake, akamweleza habari yote kwa ufupi, bila kuipamba. Bruda Kanuti alisikiliza kinywa wazi.

"Kumbe jua ni lile lile!" akasema, na furaha ikamjaa usoni.

"Ni lile lile, Kanuti. Na kesho utaweka nadhiri zako, ikiwa bado unataka kukaa na watu kama sisi."

Hakumpa nafasi ya kujibu. Akageuka, akaenda katikati ya kanisa, mahali pa wanaochelewa, akapiga magoti. Padre Anselmi akapiga magoti ubavuni mwake, na mapadre na mabruda wote nyuma yao, Padre Gereoni akishushwa kwa kushikwa makwapa. Bruda Teofani akawa wa mwisho. Aliona aibu, lakini ndani ya aibu palikuwa na nafasi ya kupumua.

Bruda Kanuti alisimama peke yake, akiwatazama, hajui afanye nini na mikono yake. Halafu akasogea upesi, kwa mara ya kwanza bila uzito.

"La, la, Padre Priori, si hapo. Jiwe hilo la katikati lina ukingo, litawaumiza. Njooni huku, karibu na nguzo, hapa ni laini kidogo. Padre Gereoni, wewe egemea hapa. Bruda Teofani, usikaze kidole cha mguu, utapata ganzi."

Akawapanga wote, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akapata mahali. Kisha akapiga magoti kati yao.

"Wewe usipige magoti," Padre Anselmi akamnong'oneza, macho yakiwa yamejaa machozi. "Wewe ulifika kwa wakati."

"Ndiyo, Padre Mlezi," akajibu Bruda Kanuti. "Ila sijazoea kuwatazama kutoka juu."

Ndivyo wazee wa Lyangweni wanavyosema. Wasikilizaji wengi humcheka Bruda Teofani, nao wana haki, kwa maana hata yeye alijicheka mpaka uzee wake. Lakini yeye alikosa na akasimama akasema. Wale waliokuwa na saa mfukoni, na jua dirishani, na jiwe waliloliweka kwa mikono yao, walihitaji mwenye njaa mmoja ajilaze sakafuni ndipo nao wakumbuke wanachokijua. Mungu awarehemu wote, na atusamehe sisi tulio wengi, ambao mshale hatuugusi, bali twanawa mikono na kungoja kengele.